Mama Huyu Alipona Bila Kisu

Pale kwenye duka la kuchapa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kalamu, na mwenyewe aliitika kwa raha. Kazi yake ilikuwa kupanga maandishi kwenye kompyuta kabla hayajaenda mashineni: kadi za arusi, mabango ya maduka, vitabu vya risiti. Lakini watu hawakumfuata kwa kupanga tu. Mtu akija na tangazo limepooza kama chai ya jana, Kalamu alilisoma, akacheka puani, akavuta kiti, na baada ya muda tangazo lile lile likawa linamshika mteja mkono na kumwingiza dukani. "Mpe Kalamu alitie chumvi," mwenye duka alikuwa akisema, na chumvi ikatiwa.

Ndiyo maana yule muuza dawa alipoingia, alipelekwa moja kwa moja mezani kwake.

Alikuwa mwanamume mnene, mpole, viatu vinang'aa. Zamani aliuza magodoro. Sasa alijiita Mtaalamu. Akatoa mfukoni chupa ya kahawia yenye maji ya kokwa chungu za matunda, zilizopondwa na kulowekwa. Alitaka lebo, pamoja na karatasi ya kukunja yenye historia ya dawa.

"Historia gani?" Kalamu akauliza.

"Historia tu, bwana. Dawa isiyo na historia nani ataigusa?"

Wakaitunga pamoja alasiri ile. Mtaalamu alisema amesikia kuna watu wa milimani, mbali huko, wanaotafuna kokwa hizo na hawaijui saratani. Milima ipi, hakukumbuka. Kalamu akawapa watu hao mito ya maji baridi, mbuzi, na vikongwe wanaopanda vilima bila fimbo. Mtaalamu alisema yapo mambo hospitali hazipendi yajulikane. Kalamu akaandika kwamba hii ni siri iliyofichwa kwa vizazi. Kisha wakafika kwenye ushuhuda.

"Dada yangu mwenyewe," Mtaalamu akasema, na hapo sauti yake ikalainika kweli. "Alikuwa na kansa ya titi. Wakampasua, wakampiga mionzi, halafu mimi nikamwanzishia maji haya. Mpaka leo mzima wa afya, anapika, anagombana na majirani."

Kalamu akainua mikono kutoka kwenye kompyuta. "Alipasuliwa kwanza?"

"Eeh, alipasuliwa."

"Hilo la kupasuliwa tuliache. Linaharibu ladha."

Mtaalamu akajikuna kidevu, akatazama nje, kisha akaitikia kwa kichwa. Kalamu akaandika: *Mama huyu alipona bila kisu.* Akaisoma kwa sauti, na fundi wa mashine, aliyekuwa akifuta wino mikononi, akapiga mluzi wa kumsifu.

Karatasi zikatoka, chupa zikaenda madukani, na Kalamu akaisahau kazi hiyo kama alivyozisahau nyingine zote.

Sasa, Kalamu hakulelewa na mama yake mzazi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akachukuliwa na mdogo wake mama, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mfupi, mkali wa maneno, asiyejua kukaa mikono mitupu. Mbele za watu Kalamu alimwita mama mdogo. Wakiwa wawili alimwita mama, basi.

Jumapili moja alikwenda kumwona kama kawaida. Aliyemfungulia mlango ni binti wa mama mdogo, aliyekua naye wakila chungu kimoja, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka, afadhali umekuja. Zungumza naye wewe, mimi amenishinda."

Akamweleza pale pale mlangoni, kwa kunong'ona. Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi. Alikwenda hospitali peke yake, bila kumwambia mtu. Daktari alisema uvimbe bado ni mdogo, akipasuliwa mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Akapewa tarehe. Tarehe ikapita, yeye yuko kwenye cherehani. Sasa ni miezi, na anakunywa vitu vya chupa.

Kalamu akaingia chumbani. Sare zilikuwa zimerundikwa mpaka kwenye kitanda, nyuzi zimetapakaa sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimekuja kukusalimia."

"Umetumwa, nimewasikia mkinong'onezana huko mlangoni. Haya, kaa. Sogeza hizo suruali."

Kabla hajasema lolote, mama mdogo alivuta droo ya cherehani, akatoa chupa ya kahawia na karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Akavaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari.

"Sikiliza. 'Mama huyu alipona bila kisu.' Bila kisu! Na wale wanataka kunikata kama kitambaa. Mimi nimekata nguo maisha yangu yote, mwanangu. Kitu kikishapita kwenye mkasi hakirudi kuwa kile kile. Hawa hapa wameandika, tena vizuri, mtu unaelewa. Huyu aliyeandika ana elimu."

Kalamu aliyatambua maneno yale. Aliyajua mpaka nukta zake. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni, "Lakini mama, na daktari naye msikilize."

"Nitamsikiliza ikishindikana hii."

Kalamu akanywa chai aliyomiminiwa, akaaga. Mlangoni binti alimuuliza, "Vipi?" Naye akajibu, "Tumpe muda." Alitembea hadi kwake akijiambia kwamba angemvunja moyo bure, kwamba angesema wiki ijayo, kwamba huenda maji yale yakasaidia kidogo. Mtu wa kutia chumvi hakosi ya kujitilia mwenyewe.

Badala ya kumwambia mama mdogo, alimwendea Mtaalamu. Alimkuta akipanga chupa kwenye makasha, akamtaka aiondoe karatasi ile.

"Ni uongo, na unajua," Kalamu akasema.

Mtaalamu hakukasirika. "Mimi nilikwambia alipasuliwa. Wewe ndiye uliyesema tuache."

Mtaalamu aliahidi kulifikiria, kisha akahamishia kazi yake duka jingine la kuchapa, na huko wakazidisha. Yule mama mmoja akawa "akina mama wengi."

Jumapili zilizofuata Kalamu alikwenda akanyamaza, alikwenda akanyamaza, mpaka mama mdogo alipoanguka. Alikuwa akishona akasema kichwa kinamgonga, akatapika, kisha akateleza kwenye kiti akihema kama aliyekimbizwa. Wakamkimbiza hospitali. Daktari, dada mtulivu mwenye miwani, aliuliza mgonjwa anatumia nini. Binti akamkabidhi chupa. Daktari akainusa, akaiweka mbali.

"Kokwa hizi chungu zina sumu, inaunyima mwili hewa. Hiyo tumeiwahi, atatulia. Linalonitia wasiwasi ni titi. Uvimbe umeshafika kwapani, na picha inaonyesha umegusa ini. Kuupunguza kasi tunaweza. Kuumaliza, sitawadanganya."

Keshoye asubuhi Kalamu alikaa kando ya kitanda cha mama mdogo, akapiga moyo konde.

"Mama, ile karatasi niliiandika mimi."

Mama mdogo akacheka, kicheko chembamba cha mgonjwa. "Wewe? Wewe uliyekuwa unaandikiwa insha na dada yako?"

Kalamu akainamisha kichwa, akaanza kuisoma kwa moyo: watu wa milimani, mito, mbuzi, vikongwe wasio na fimbo, siri iliyofichwa. Alipofika kwa mama aliyepona, kicheko kilikuwa kimekwisha kitambo.

"Na yeye hayupo?"

"Yupo, mzima. Lakini alipasuliwa, mama. Nililijua hilo, nikalitoa."

Muuguzi akapita na toroli la dawa. Mama mdogo akangoja apite.

"Siku ile nilipokusomea, ulijua ni maneno yako?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ya karatasi nayaelewa. Ulikuwa hujui nani ataisoma. Lakini siku ile ulikuwa umekaa mbele yangu, unakunywa chai yangu." Akageukia ukutani. "Nenda nje kidogo."

Hakumfukuza, lakini kwa muda mrefu hakumwita mwanangu. Alianza kutundikiwa dawa ya mshipani. Nywele zikamtoka, akajishonea kofia za vipande vya sare. Kalamu ndiye aliyempeleka kliniki kila mara. Walikaa benchi moja kama abiria wasiojuana.

Siku moja kwenye foleni, baba mmoja aliyekaa karibu nao alifungua mfuko kumpa mkewe maji, na chupa ya kahawia ikachungulia. Mama mdogo akaiona. Akamgusa Kalamu kwa kiwiko.

"Mwambie."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Mimi ulinidanganya faraghani. Simama umwambie."

Kalamu akasimama, akasema yote: nani alitunga, nini kilitolewa. Benchi zima likamgeukia. Yule baba akapandwa na hasira.

"Umelipwa na hawa madaktari wewe! Nitolee mkosi hapa!" Akaisukuma chupa chini kabisa ya mfuko.

Lakini mkewe akamtazama Kalamu. "Huyo dada," akauliza, "alipasuliwa uvimbe ukiwa mkubwa kama nini?"

Kalamu hakujua. Alikiri hajui, akamwomba akamuulize daktari aliyekuwa ndani. Mwanamke akaitwa, akaingia, na hawakuonana tena. Kutoka pale mama mdogo alimshika Kalamu mkono kushuka ngazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile wodini. Hakusema amemsamehe, na Kalamu hakuthubutu kuuliza.

Mama mdogo aliishi mwaka na ushei, akafariki nyumbani, asubuhi, binti yake akimkanda miguu. Msibani watu walimsifu Kalamu mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. "Umemhudumia mama yako, wewe ni mtoto wa kupigiwa mfano." Kila sifa ilimchoma. Mara mbili alifungua kinywa kuwaeleza, na mara zote mbili binti alimwashiria kwa macho anyamaze.

Wageni walipopungua, binti alimfuata uani, alikokuwa akiosha vikombe ambavyo vilishaoshwa.

"Kaka, mimi bado sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa, na uongo umetutosha."

"Najua."

"Basi. Jumapili njoo, kuna sare za watu humo ndani hazijatiwa vifungo. Utanisaidia."

"Nitakuja," Kalamu akasema, akakausha mikono.