Wale Wadogo wa Chini ya Ukurasa

Juzi binti yangu alinionyesha katuni ya shujaa anayeruka angani, akaniuliza kama picha ni nzuri. Ghafla nikasikia harufu ya tumbaku, ile iliyokuwa ikikauka nyuma ya jiko letu kule Mpanda.

Hapo ndipo tulipokaa mchana mmoja utotoni, tukichoma mahindi na kubishana juu ya kitabu cha katuni cha kaka. Mimi nilisifia misuli ya shujaa. Dada alisifia rangi. Desideri, mtoto wa nyumba ya jirani aliyekimbia vita Burundi na shangazi yake tu, aliweka kidole chini ya ukurasa, kwenye watu wadogo wadogo waliozungukwa na moto.

"Huyu ni mubaya," alisema. "Ameruka peke yake. Na hawa?"

"Hao wamechorwa tu," nikamcheka. "Nyie hamjui katuni."

Akajifuta macho. Nilidhani ni moshi wa mahindi, nikamwambia ahamie upande wa pili. Akahama. Sikuwahi kumuuliza Desideri mama yake alibaki wapi.

Binti yangu aliuliza tena kama picha ni nzuri. Kidole changu kilikuwa chini ya ukurasa, kwenye watu wadogo, na nilishindwa kumtazama usoni.