Spika Iliyotoka Motoni

Na msiniambie tena eti ni taka! Kila asubuhi hapa Masina mnachoma redio mbovu mpate shaba, moshi wote kwetu, halafu mnamcheka mkubwa wetu, Ya Matondo, kwa kuziokota.

Ya Matondo anauza chikwange, ile mikate ya muhogo, sokoni, jioni anatengeneza redio. Baba yake, Papa Lukoki, alikuwa mpiga likembe wa bendi ya mtaa, kile kinanda kidogo cha vyuma cha kupigwa kwa vidole gumba. Alipokufa, wakamlaza na likembe yake kifuani. Ikishawekwa hapo, haiguswi. Sasa asubuhi ya kumtoa kwenda kuzikwa, bendi ipige bila sauti yake?

Ya Matondo akasema atatengeneza kinanda cha umeme. Akapigilia misumari kwenye ubao, kila msumari akauchorea mstari wa penseli hadi kwenye matumbo ya redio. Penseli hupitisha umeme: mstari mnene, sauti juu. Akifuta kidogo, inashuka. Alipanga sauti kwa kifutio, akiimba polepole nyimbo za baba yake.

Spika hakuwa nayo. Nikakimbia jalalani, nikakuta Djodjo, mchomaji mwenzenu, kashawasha moto. Nikachomoa spika moja motoni.

"We kichaa? Uungue kwa ajili ya bati?"

"Nyamaza, nisije nikakuunguza wewe!"

Karatasi ya spika ilikuwa imechanika. Ya Matondo akaiziba na gundi, vizuri kabisa, kama fundi yeyote.

Asubuhi matangani akapiga. Sauti ikatoka safi. Mama Nzuzi, mkubwa wa waliaji, hata hakuinuka.

"Mwanangu, hiyo ni simu inalia. Lukoki alikuwa na sauti ya kuoshwa hivyo?"

Mimi nikataka kumjibu. Ya Matondo akanishika mkono. Akawa anatazama likembe pale kifuani, vile vipete vya waya ambavyo baba yake alivifunga kwenye kila chuma ili vitetemeke. Maisha yake yote Ya Matondo alikuwa akiondoa mikwaruzo kwenye redio za watu, kumbe baba yake alikuwa akiitia makusudi, kwa mkono wake.

Akabandua gundi. Akatupia vizibo vya soda ndani ya spika. Akapiga tena, ikanguruma, ikakwaruza.

Mama Nzuzi akasimama. "Ehee! Lukoki, mbona umechelewa?"

Wakalia wote. Hata Djodjo.

Ningechelewa kidogo, sauti ile ingekuwa majivu. Kwa hiyo zimeni huo moto. Redio mbovu mpelekeeni Ya Matondo, leo.