Jioni Niliyorudisha Ramani ya Gari la Mabula

Najua mtu akianza kusimulia mambo ya namna hii, wewe unaanza kunusa kama amelewa. Mimi sinywi. Hata soda huwa naishia nusu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nimekaa kwenye gari moja na rafiki yangu ambaye ziwa lilikuwa limeshamchukua, na kwamba alinisalimia kwa salamu yake ileile, usinitafutie chupa. Yupo bibi mmoja anayeanika dagaa kule ufukweni, alimwona kwa macho yake, na wala hakuwa anamfahamu.

Mimi ni fundi wa magari hapa Buzuruga, gereji ya wazi, mabati mawili na turubai. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kuota sikuishia popote. Na mwenzangu wa kuota alikuwa Mabula. Yeye alikuwa na gari, mimi nilikuwa na mikono. Tulisema siku moja gari hilo litakimbia mashindano, limeandikwa Mwanza ubavuni, na mama zetu wamekaa jukwaani wamevaa miwani ya jua. Lilikuwa gari dogo la buluu la Kijapani. Tulilishusha chini, tukalifunga tabo kubwa ya kuipulizia injini hewa, tukalibadilisha egzosi, lile bomba la moshi, mpaka likipita mtaani kuku wanahama. Mabula hakuridhika. Akafunga na taa za buluu chini ya gari zima, akaziunganisha na mlango. Ukifungua mlango tu, ardhi yote inawaka. Nilimwambia zile taa zinakula betri. Akasema, "Na wewe unakula ugali, mbona sijakulalamikia?"

Sasa kuna kile kimashine cha mkononi cha kurekebishia injini. Sisi tunakiita tyuna. Kina ukubwa wa simu mbili zilizobebana. Unachomeka waya wake chini ya usukani, kinaongea na kontroli boksi, ambayo ndiyo ubongo wa injini. Kwanza kinaichukua ramani ya kiwandani na kuitunza. Halafu kinaweka ramani yako wewe: mafuta yaingie vipi, moto upige wakati gani, tabo ipulize kiasi gani. Kuanzia hapo kimefunga ndoa na gari hilo. Hakikubali gari lingine lolote mpaka urudishe ile ramani ya kwanza. Mabula alikuwa akisema hiyo ndiyo ndoa pekee aliyoimudu.

Ila kuna mwiko mmoja. Ramani ikiwa inaingia, swichi imewashwa, injini imezimwa, na hakuna kugusa kitu. Hasa mlango. Umeme ukiyumba katikati, ubongo unabaki nusu ramani hii nusu ile, na gari linakufa. Gereji hapafai kwa kazi hiyo, kwa sababu kila mtu anajifungulia tu, huyu anataka kuchaji simu, yule anataka kukaa kivulini. Ndiyo maana mimi na Mabula kazi hiyo tulikuwa tunaenda kuifanyia ufukweni, pale tulipokuwa tunaoshea magari.

Na ni palepale ziwa lilipomchukua. Ilikuwa Jumapili, ametoka kanisani, analiosha gari lake peke yake. Waliomwona kwa mbali walisema aliingia kusuuza kapeti, kapeti likamponyoka, akalifuata. Kapeti lilirudi. Yeye hakurudi. Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka, hatukupata hata kiatu. Kanisa likafanya ibada bila jeneza. Wazee wa ukoo wakashauri wazike mgomba badala yake, ili msiba ufungwe na watu warudi makwao. Mama Mabula akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Mimi sikuzaa mgomba." Ikaishia hapo. Hakuna kaburi, hakuna matanga yaliyoanuliwa. Kila mlango ukilia, mama anageuka.

Baada ya miezi kupita, akaniita. Akasema gari lile auziwe mtu wa Magu aliyelitaka, labda likitoka uani na yeye ataacha kusikiliza mlango. Mnunuzi naye alitaka lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Kazi yangu hiyo. Nikachaji betri, ambayo ilikubali kwa shida kwa sababu ya kukaa muda mrefu, nikaendesha mpaka ufukweni. Ningeweza kwenda mahali pengine? Ningeweza. Lakini moyo ulitaka ramani ya Mabula ifutwe mahali tulipoiandikia. Nilitaka kumuaga, basi.

Jua lilikuwa linazama, wanawake wanaanua dagaa. Nikazima injini, nikafunga milango, nikawasha swichi, nikachomeka tyuna. Kabla ya kuanza, unaangalia kwanza kama vitu vyote vinasomeka. Nikaona kwenye tyuna pedeli ya mafuta inasoma kwamba imekanyagwa. Ikaachiwa. Ikakanyagwa tena, ikaachiwa. Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa imekunjwa kwenye kiti, na pedeli yenyewe imetulia kabisa.

Wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria kifaa cha pedeli kimeingia unyevu. Lakini sikubonyeza mara moja, kwa sababu Mabula kabla ya kuwasha gari alikuwa anakanyaga mafuta mara mbili, injini ikiwa imezimwa. Haina maana yoyote kwa gari la siku hizi. Alikuwa anasema analiamsha kistaarabu.

Nikabonyeza irudishe ramani ya kwanza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo cha tyuna.

Ndipo nikasikia harufu ya sabuni ya unga na tope. Kiti cha pembeni kikalia kama kinavyolia mtu mzito akikaa.

"Geleji hamjambo?"

Niamini, ndivyo alivyokuwa akitusalimia kila asubuhi, hata akikuta nipo mwenyewe, na ndivyo alivyokuwa akilitamka neno hilo. Nikageuka. Ni Mabula, na shati lake la Jumapili limemganda mwilini. Maji yalikuwa yanamtoka kwenye mikono ya shati bila kuisha, kama bomba lisilofungwa vizuri. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama ule mstari.

Utadhani niliogopa. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza nilifurahi, furaha ya kijinga kabisa, kama mtu aliyeona ndugu yake anashuka kwenye basi.

"Mabula," nikasema, "tumekutafuta."

"Najua. Mlikuwa mnapita juu yangu."

"Mama hajalala vizuri tangu siku ile."

"Leo kapika nini?"

"Siku hizi anapika kidogo tu."

Maji yalikuwa yameshafika miguuni pangu, ya baridi. Akanyoosha kidole kwenye tyuna. "Unanifuta," akasema, bila hasira. "Nilipita humo, kwenye kazi ya mikono yetu. Ikiisha hiyo, sina pengine pa kupita."

Nikashika waya. "Nichomoe?"

"Uue gari? Fundi gani wewe." Nusura acheke. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku kinywa kinajaa. "Iache iende, muda unatosha. Mimi nina baridi, ndugu yangu. Nataka kulala pakavu. Nikwambie nilipo, ukamwambie mama aje anichukue."

"Sema."

"Siko mbali. Mwambie mama niko chini ya..."

Kioo cha upande wangu kikagongwa.

Alikuwa bibi mmoja mwenye gunia la dagaa kichwani, ameinama, uso umejaa wema. "Wanangu," akasema, "gari lenu linavuja."

Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kumwambia kwa ishara, bibi, subiri. Lakini mimi nimelelewa na bibi yangu, na bibi yangu alinifundisha kwa fimbo kwamba mkubwa hasalimiwi ukiwa umekaa. Kabla akili haijasema chochote, mkono ulikuwa umeshafungua mlango na mimi nimeshasimama mchangani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Na huyo mwenzio mbona kaloa hivyo, na wala hasalimii?"

Taa za Mabula zikawaka. Chini ya gari pakawa buluu tupu, nikaona mfereji mwembamba wa maji unatoka mlango wa upande wake, unateremka mchangani kurudi ziwani. Zikawaka vizuri, jinsi alivyozipenda. Halafu zikafifia. Betri ilikuwa imefika mwisho. Nikainama ndani. Mstari wa kijani ulikuwa umesimama katikati, kisha kioo cha tyuna kikawa cheusi. Kiti kilikuwa kimelowa, na hakikuwa na mtu.

"Yule mwingine kapita wapi?" bibi akauliza.

Nikamweleza. Alitua gunia, akakaa mchangani mzimamzima. "Mimi nilidhani ni maji ya rejeta," akasema. "Ningejua, mwanangu, ningepita kimya." Tukalia wote wawili pale, mimi na mtu ambaye hata jina sikumuuliza.

Gari lilivutwa kwa kamba. Nimebadilisha betri, nimeita mafundi wanaonizidi, halikuamka tena. Mnunuzi wa Magu akajiendea zake. Tyuna nayo, ukiichomeka kwenye gari lolote, inajibu kwamba ina gari lake.

Mama Mabula nilimwambia. Wapo wanaosema ningenyamaza. Ningenyamazaje, na ujumbe ni wake? Hakulia. Aliuliza tu, "Alisema chini ya nini?" Nikamjibu hakumaliza. Tangu hapo wavuvi wamempigia mbizi chini ya mawe yote ya pale, chini ya magugu maji, chini ya mitumbwi iliyozama. Hakuna. Siku moja alinishika mkono akaniambia, "Kumbuka vizuri, mwanangu. Labda mdomo wake ulikuwa umeanza kukaa namna fulani." Ninaukumbuka mdomo huo kila nikifumba macho. Ulikuwa umejaa maji.

Gari lipo uani kwake. Kile kiti hakikauki. Mama anakikamua kwa taulo kila asubuhi, na taulo analianika kwenye kamba pamoja na nguo zake, kama mtu mwenye mtoto mchanga. Habari za mashindano mimi siongei tena. Nikiona gari lililoshushwa chini linapita, natazama pembeni.

Wewe unayefanya kazi hii, nakuomba. Ukipewa gari la mtu aliyeondoka ulirudishe lilivyokuwa, usiende peke yako. Mchukue mama yake kwanza, mkalishe humo ndani, ndipo ubonyeze. Na mzee yeyote akigonga kioo, mwamkie ukiwa umekaa hapohapo, kioo kimefungwa, akuite huna adabu. Kesho utamtafuta umwombe radhi na atakupa. Mimi nilisimama, nikasalimia vizuri kama nilivyofunzwa.

Jana nimepita kwa Mama Mabula. Nikasimama mlangoni, nikamwamkia. Siku hizi hasemi marahaba. Alikuwa analikamua taulo, akainua uso, akaniuliza, "Chini ya nini, mwanangu?"