Kabla ya Kupima Chumba, Bisha Hodi kwa Jirani

Siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni ile mama mkwe wangu alipotupotea tukiwa ndani ya nyumba tuliyotaka kuinunua.

Tulikuwa tumekwenda watatu: mimi, mume wangu Athumani, na mamake, Bi Nuru. Dalali alikuwa anatuonyesha vigae vya bafuni, anavigonga kwa kidole ili tusikie mlio wake. Nikageuka nimwite mama naye aje aone, hayupo. Hakuwa sebuleni, hakuwa jikoni, wala hakuwa katika vile vyumba vitatu vya kulala ambavyo mimi nilikuwa nimeshavigawa kichwani: hiki chetu, hiki cha mama, hiki cha watoto ambao hata hawajazaliwa.

Usinicheke. Wewe uliye na picha za nyumba kwenye simu unajua ninachosema. Ukishaanza kuweka kitanda chako ndani ya picha, hiyo nyumba imeshakuteka.

Wakati huo tulikuwa tunaishi mtaa wa Ziwani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu mimi na mume wangu, upande ule mama. Mtu akijigeuza kitandani, wote tunajua. Athumani alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Industrial Area, mtu mpole, mwenye kujinyima. Alikuwa ameweka akiba tangu kabla ya kunioa, na sasa imefika mahali inaweza kununua paa letu wenyewe. Mimi nilikuwa msichana wa mjini, nimezaliwa Majengo katika nyumba iliyojaa watu, na kitu nilichokitamani kuliko dhahabu kilikuwa mlango wa kufunga.

Basi tukatoka nje kumtafuta mama. Mtaa ulikuwa mpya, barabara imenyooka, kila nyumba ina ukuta na geti refu la chuma. Tulimwona mbali, amevaa buibui lake, anatembea polepole kutoka geti hadi geti. Anagonga, anasubiri, anasonga mbele.

"Mama, unafanya nini?" Athumani akamuuliza alipomfikia.

"Naomba kiberiti," akasema.

"Kiberiti cha nini? Hatujapika."

"Najua hatujapika."

Hakuna aliyekuwa amemfungulia. Geti moja mbwa alibweka mpaka akatoka povu. Jingine, sauti ya mwanamke ilimwambia kutoka ndani aende dukani. Dalali naye, kijana mchangamfu, akajaribu kuokoa biashara yake. "Mathe, hapa watu wametulia tu. Kila mtu na maisha yake. Hakuna noma."

Mama akamshukuru kwa adabu, akamwombea baraka katika kazi yake, kisha akamgeukia mwanawe. "Hapa mimi sikai."

Nilitamani ardhi inimeze. Na mpaka leo sisemi kwamba watu wa mtaa ule walikuwa wabaya. Huenda wengi walikuwa kazini. Huenda waliwahi kuibiwa na mtu aliyekuja na sura ya kuomba kiberiti. Lakini mama alikuwa ameshapata jibu lake, na Athumani hakuwa mtu wa kubishana na mamake barabarani.

Juma lililofuata tukaenda kuona nyumba nyingine, huku mtaa wa Lucky Summer. Nilipoiona, nilivunjika moyo. Vyumba viwili vya mawe, jiko la kujipinda ndani yake, ua wa kuanika nguo chache, mabati juu. Chumba cha nyuma kilikuwa na giza mchana. Wakati mimi na Athumani tunapima ukuta kwa hatua zetu, mama akatoweka tena. Safari hii hatukumtafuta.

Aliporudi alikuwa na kikombe cha uji mkononi, na nyuma yake mwanamke wa makamo aliyefunga leso kiunoni. Huyo alikuwa Mama Njoki, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mama alikuwa ameketishwa kigodani, ameulizwa habari za nyumbani, na katika muda huo mfupi alikuwa amejua mambo ambayo dalali asingetuambia mwaka mzima: siku ambazo maji ya mfereji hutoka, upande ambao maji ya mvua hupita, msikiti uliko, na kwamba mwenye nyumba anauza kwa sababu anarudi shambani kwao, wala hakuna ndugu anayeigombania.

Tuliporudi Ziwani sikujizuia. Nilimwambia mama kwamba nyumba ile haina hata mahali pa kunyoosha miguu, na kwamba nimechoka kuishi kama nguo ndani ya sanduku. Sauti yangu ilipanda. Athumani akainuka, akasimama katikati, hajui aangalie wapi.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakukasirika. Akanivuta nikae karibu naye.

"Rukia," akasema, "mume wako anatoka alfajiri, anarudi magharibi. Mimi ni mzee, leo nipo, kesho sipo. Mchana kutwa utaishi na nani? Ukishikwa na homa, utaviita vigae?"

Lakini nami nilikuwa na langu, na nikalisema. "Mama, nitakubali jirani. Lakini giza lile sikubali. Mtoto wangu hatalelewa gizani. Tukichukua nyumba ile, ukuta wa nyuma utobolewe dirisha, kubwa, upande wa jua la asubuhi."

Mama hakupenda. Aliogopa wezi. Akafikiri, akamtazama Athumani, kisha akacheka kidogo. "Haya. Wewe chukua dirisha, mimi nichukue jirani."

Hivyo ndivyo tulivyonunua, mwanangu. Na usidhani mtu akipata funguo mambo yamekwisha. Siku ya kuhama nilileta kabati langu la harusi, kubwa, lenye kioo, zawadi ya mjomba wangu. Halikupita mlangoni. Likafunguliwa vipande, likaingizwa, likaundwa upya, na likakila chumba chote. Ili ufike kitandani ilibidi upite kwa ubavu. Nililia siku hiyo kama niliyefiwa.

Mama hakuniambia niliuze. Alikwenda upande wake, akafungua sanduku lake la mti wa mvule, lenye misumari ya shaba, ambalo mamake alitoka nalo Lamu. Akatoa nguo zake, akazikunja kwenye mfuko. Kisha akawaita vijana wa madrasa walibebe wakatilie misahafu. Nilimshika mkono. "Mama, hilo ni kumbukumbu ya mamako!"

"Mamangu simkumbuki kwa mbao," akasema. Sanduku lilipotoka mlangoni aliingia ndani, hakutaka kulitazama likienda.

Baada ya hapo ningewezaje kung'ang'ania kabati? Tulimpa fundi, akatumia mbao zake kutengeneza rafu kutoka sakafuni hadi darini, nyembamba, zenye pazia. Kitanda tulikiinua kwa matofali, chini yake tukasukuma magunia ya unga, masufuria makubwa na viatu. Meza ya kulia tuliifunga ukutani kwa bawaba, ikishaliwa inakunjwa. Mlango wa chumba uliokuwa unafunguka kwa ndani ukageuzwa ufunguke kwa nje, na hapo tu tukapata nafasi ya mkeka mzima. Na dirisha likatobolewa. Asubuhi ya kwanza jua lilipoingia, mama aliburuta mkeka wake hadi pale, akakaa na tasbihi yake juani.

Halafu ikaja masika. Mimi nilikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, na mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza. Alasiri moja upepo uliinuka na mvua, tukasikia kishindo kama lori limeanguka. Mabati ya Mama Njoki yalikuwa yameng'oka, mengine yako barabarani, mengine yamejikunja juu ya ua wetu. Alitoka na watoto wake watatu, wamelowa, mdogo anatetemeka. Mumewe alikuwa kazini.

Mama aliwafungulia kabla hawajagonga. Nilimfuata jikoni, nikamnong'oneza, "Tutawaweka wapi? Hatuna nafasi."

Hakunikemea. Alinishika bega, akanigeuza nitazame chumba. "Kunja meza," akasema. "Sogeza kigoda. Tandika mkeka huu hapa na ule pale. Sasa niambie, nafasi haipo au hujaitafuta?"

Tukaishi hivyo mpaka mwezi ukakaribia kwisha, maana mabati hayakupatikana haraka. Wanawake na watoto chumba cha nyuma, wanaume chumba cha mbele. Sikudanganyi kwamba ilikuwa raha. Zilikuwepo siku nilitamani mahali pa kujifungia nilie peke yangu. Watoto walimwita mama shosho, yaani nyanya kwa lugha yao, na walimfuata kama vifaranga. Baba Njoki, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikaa na Athumani mlangoni jioni wakingoja adhana, na ikisikika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Haya, chukueni tende!"

Lakini jiko ni moja na wanawake ni watatu. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta Mama Njoki ameinjika githeri ya mahindi na maharagwe, na mimi sijaanza uji wa futari wala viazi, na jua linashuka. Nikasema maneno makali. Nikasema hata jiko langu silioni tena.

Akaepua sufuria yake, githeri ikiwa haijaiva, akaiweka chini. Hakupandisha sauti. "Rukia, wewe umechoka kuwa na wageni. Mimi nimechoka kuwa mgeni. Kila nikigusa kijiko naomba ruhusa. Unafikiri hii ni raha?"

Nilikaa chini palepale jikoni. Yeye pia akakaa. Sijui nani alianza kulia, lakini najua tulicheka kabla ya kumaliza kulia, kwa sababu tumbo langu lilikuwa limeziba njia na hakuna aliyeweza kuinuka bila kumshika mwenzake. Kuanzia siku hiyo tukagawana. Asubuhi jiko ni lake, alasiri ni langu, na chapati anasukuma yeye kwa sababu zangu zilikuwa ngumu. Hilo mama alilisema wazi, na sikubisha.

Mabati yalipopatikana, Athumani na Baba Njoki walipanda juu pamoja wakayapigilia Jumapili nzima baada ya ibada. Jioni yake familia ile ikabeba magodoro yake, ikarudi kwake. Mimi nikasema alhamdulillahi, sasa nitapumua. Nikafagia, nikakunja mikeka, nikafungua meza, nikaketi katikati ya chumba.

Mwanangu, nyumba ilikuwa kubwa mno. Sikuwa nimewahi kuiona ikiwa kubwa namna ile. Nilisikia saa ya ukutani inagonga, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa majuma. Nikamtazama mama, naye akanitazama. Nikainuka, nikaenda ukutani nikaita, "Mama Njoki! Unafanya nini huko?"

"Nilikuwa nangoja uniite," akajibu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa baada ya Idi. Mama Njoki ndiye aliyenipeleka hospitali, na ndiye aliyemwogesha siku za mwanzo, maana mikono ya mama ilikuwa imeanza kudhoofika. Mama aliishi nasi miaka mingi baadaye, na alipofariki waombolezaji hawakuenea kwetu. Walijaza ua wa Mama Njoki, wakajaza barabara, na hakuna jirani aliyeuliza kwa nini.

Sasa nawe unataka kununua kwako. Nimefurahi, na sikukatazi ghorofa wala vigae. Dunia yenu ni ya lifti na walinzi, na mtu anaweza kuwa na jirani mwema ghorofa ya saba kama alivyo chini. Ninachokuomba ni kwamba usinunue picha. Nenda siku ya kazi, si Jumapili tu ambapo kila mtu amevaa vizuri. Nenda mvua ikinyesha uone maji yanakopita. Salimia watu, muulize mama wa mboga maji hutoka lini, muulize mlinzi ni nani anauza na kwa nini, kisha hakikisha hati kwa wanaohusika, maana jirani mwema hatoshi mahali ambapo nyumba si ya muuzaji. Pima kitanda chako kabla ya kupima ndoto zako. Kama kitu hakikutumikii, kiache kiende kwa anayekihitaji, hata kama kinakuuma. Tafuta mwanga, usikubali mtu akwambie utazoea giza. Na hata nyumba iwe ndogo namna gani, bakisha mahali pa kutandika mkeka wa mtu mwingine, kwa sababu siku utakapomhitaji hutakuwa na muda wa kuomba urafiki.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kizingiti cha kheri, akupe majirani wanaolijua jina lako, na mwangaza wa asubuhi usikose katika nyumba yako. Wanaoingia kwako waingie kwa amani, na wanaotoka watoke wameshiba. Amina.