Mpaka Niliousogeza

Kompyuta aliyotuachia shangazi ilikuwa yangu na kaka yangu mkubwa, na diski yake ilikuwa ndogo. Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani Kaloleni, niliigawa: yeye akabaki na Windows kwenye nafasi kubwa, mimi nikajibana na Linux pembeni. Ukiiwasha, orodha inatokea, unachagua upande wako. Upande wangu ulikuwa na programu niliyohangaika nayo tangu chuoni. Mwajiri mmoja alitaka kuiona Jumatatu.

Jumamosi nilimkuta kaka sebuleni, jasho linamtoka mbele ya skrini nyeusi.

"Omera, ndugu yangu, imekataa kuwaka."

"Umefanya nini?"

"Nimefuta tu kile kipande chako. Mchezo wa mpira unataka nafasi, na chako kilikuwa kinakaa bure. Si wewe ni injinia? Utaandika kingine."

Nilijiona nikizeeka humo nyumbani bila kazi, nikitumwa makaa na watoto wake. Kisha nikasoma maandishi ya skrini, nikaelewa. Ile orodha ya kuwashia ilikuwa inakaa upande wangu. Alipoufuta, alijifungia nje na yeye. Na kwa kuwa kompyuta iligoma ilipojiwasha upya, kabla hajaweka mchezo, hakuna kilichoandikwa juu ya kazi yangu. Ilikuwa palepale. Diski ilikuwa imesahau mpaka tu.

Sikumwambia.

"Video za harusi yako ziko humu?"

"Zote."

"Pole sana."

Uso ulimshuka, nami nikauangalia bila haraka. Hakuagizwa na mtu; alivaa viatu akaenda ufuoni Dunga kunitafutia samaki.

Alipotoka nilichomeka flashi yenye Linux ya kuwashia, nikaurudisha mpaka, nikanakili programu yangu, nikaikagua, nikaikagua tena. Video za harusi nazo nilizifungua moja moja, maana shemeji hakuwa amenikosea. Halafu, badala ya kuuacha mpaka ulipokuwa, niliusukuma ndani ya upande wake. Nilimwachia Windows, harusi yake na nafasi kidogo ya kuvuta pumzi. Mchezo ulihitaji mara mbili ya pumzi hiyo. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu.

Jioni aliiona harusi yake ikicheza, akacheka kwa sauti.

"Bwana, wewe ni injinia kweli! Chukua hicho kichwa cha samaki."

Nikakichukua.

"Na mchezo sasa utaingia?"

Nilinyonya mfupa mpaka ukaisha utamu.

"Jaribu," nikamwambia.