Bibi Aliyenitafsiria Mpango Wangu

Kazi ile niliipata kwa mdomo wangu mwenyewe. Tulikuwa kikaoni mjini Ibra, huku Uarabuni, katika chuo cha afya ninachofundisha, na mkuu wetu, mtu wa Sur, mpole, alikuwa akilalamika kuwa wasichana wa vijijini wanaingia mwaka wa kwanza hawajui hata uuguzi ni kazi gani. Wakiona kidonda cha kwanza wanarudi kwao. Mimi nikanyanyua mkono. Nikasema, kwa nini tusianze nao wangali skuli? Wasome masomo ya mwanzo ya chuo huku wanamaliza sekondari, wakifika kwetu wawe wameshaonja.

Watu wote wakanyamaza. Nikadhani wamestaajabu. Kumbe kila mmoja alikuwa akiomba Mungu asitajwe yeye.

"Ahsante, ustadha," mkuu akasema. "Utatupangia wewe."

Nikapanga. Nilipanga kwa Kiingereza, kwa michoro yenye mishale ya rangi, mshale wa kijani ukitoka kijijini na kuingia chuoni bila kupita barabara yoyote. Nilikuwa nikiitazama ile michoro kama mtu anavyotazama picha za harusi yake.

Ijumaa nikaenda Nizwa kumtazama mama, nikamweleza. Mama hajawahi kuifahamu kazi yangu. Kwa majirani husema mimi ni daktari, kwa hivyo kila nikienda nakuta sebuleni pana watu wenye magoti na watu wenye migongo wananisubiri, na wote nawaambia neno moja: nendeni hospitali.

"Yaani sasa hutibu na wala hufundishi," mama akasema. "Unapanga."

"Naam, mama."

"Na hiyo nayo ni kazi?"

Nikamjibu kuwa ni kazi kubwa, nikaongeza halwa kwenye kisahani changu ili nisiulizwe zaidi.

Skuli ya kwanza niliyoichagua ilikuwa katika kijiji kimoja juu kule kwenye bonde la Wadi Bani Khalid. Nilifika mapema, na abaya niliyoinyoosha mara mbili. Ukumbi ulijaa kina mama, na kina baba wachache wamekaa pembeni karibu na mlango, kama watu waliokuja kumchukua mtu na kuondoka. Wasichana wenyewe walikuwa nyuma, wananong'ona.

Hapa lazima niseme habari ya Kiarabu changu. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Nizwa ningali mtoto, na tangu hapo nyumbani ni Kiswahili, kazini ni Kiingereza, na Kiarabu kimebaki cha sala na cha kununulia samaki. Nikikaa kitako nikitulia, nakisema. Nikisimama mbele za watu, kinanikimbia.

Basi nikasimama mbele za watu. Nilitaka kuanza na sentensi nzito. Nilitaka kusema, "Nia yetu ni kuwafanya mabinti zenu wawe wauguzi." Kwa Kiarabu wauguzi wa kike ni *mumarridhaat*. Wagonjwa wa kike ni *mariidhaat*. Shina ni moja, na ulimi wangu ukachagua tawi lake. Nikawaambia wale kina mama, kwa sauti ya kujiamini, kuwa nia yetu ni kuwafanya mabinti zao wawe wagonjwa, wote, ndani ya miaka miwili, Mungu akipenda.

Hakuna aliyesema inshallah.

Kisha msichana mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikaja mbele safu kwa safu mpaka kikanifikia. Kina baba walicheka wakitazama viatu vyao. Nikajaribu kurekebisha, nikasema lile lile tena.

Katika safu ya mbele alikuwapo bibi mmoja mnene, amejifunika vizuri, fimbo mapajani. Akanitazama usoni, akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa cha mjini Unguja: "Mwanangu, wewe mtoto wa wapi?"

Nilitaka kumkumbatia. "Shikamoo, bibi. Watu wangu ni wa Nizwa, lakini nimezaliwa Unguja."

"Marahaba. Mie nimezaliwa Malindi ya Unguja, mume akanileta huku. Sema Kiswahili, n'takutafsiria. Hawa ukiwaachia watacheka mpaka adhuhuri."

Nikashukuru, nikaanza. Nikasema masomo yatakuwa jioni, mara mbili kwa wiki.

Bibi akageuka akawaambia kwa Kiarabu: "Anasema masomo ni asubuhi, na kabla ya alasiri kila mtoto yuko kwao."

Kusema Kiarabu kunanishinda, kusikia hakunishindi. "Bibi," nikanong'ona, "sikusema hivyo."

"Najua. Ukisema jioni hapana atakayemtoa mwanawe. Haya, endelea."

Nikasema suala la usafiri litajadiliwa na wazazi. "Litakuja basi lenye kiyoyozi mpaka mlangoni pa skuli," bibi akatafsiri, "na ndani yake mama mtu mzima wa kuwaangalia." Nikasema kutakuwa na vitafunwa vyepesi. "Wali," akasema bibi, "na nyama." Nikasema, kwa unyonge sasa, kuwa watakaofuzu watavishwa koti jeupe siku ya mwisho. "Makoti watapewa siku ya kwanza," akasema, na pale nyuma wasichana wakapiga makofi.

Ningeweza kusimama nikakanusha. Lakini kukanusha kulitaka Kiarabu. Tena nyuso zilikuwa zimeshabadilika, kina mama wanaulizana, baba mmoja amesogeza kiti chake mbele, na mimi ni mtu ninayependa kushangiliwa. Nikaitikia kwa kichwa kila alichosema, kama kwamba mawazo hayo ni yangu.

Nilirudi Ibra na majina mengi kuliko tuliyotarajia. Mkuu akafurahi mpaka nilipomweleza tulichowaahidi.

"Wali na nyama?" akauliza. "Nani aliyewaambia wali na nyama?"

"Tuliwasiliana kupitia mkalimani," nikasema.

Akanitazama. "Ustadha, wewe si Mwarabu?"

Hilo nalo nimeulizwa maisha yangu yote, kule na huku. Mkuu akavua miwani, akacheka taratibu, na kuanzia hapo akahangaika yeye kuliko mimi. Basi likapatikana. Wali ukapatikana. Makoti yalishonwa na fundi wa sokoni ambaye sikumpa vipimo vizuri, na yalipokuja yalikuwa marefu hata yakifagia sakafu, kama wasichana wanakwenda kuhiji.

Kilichobaki ni mama mtu mzima wa kwenye basi. Nikatangaza, nikauliza, sikupata. Siku ya kwanza nikasimama getini pa chuo na wasiwasi wangu. Mlango wa basi ukafunguka, fimbo ikatangulia kutoka.

"Niliahidi mie," bibi akasema. "Sasa ningemtuma nani?" Mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale wasichana, akashuka nyuma yake akitazama pembeni, kama kwamba hawajuani.

Bibi aliingia nasi mpaka chumba cha mazoezi. Kitandani tuna mwanasesere mkubwa wa plastiki wa kufundishia, mwanamume, kifua wazi, na mengine pia wazi. Bibi akasimama. "Huyu mbona hana nguo?" Kabla sijajibu alishatoa kanga mkobani, akamfunika kuanzia shingoni. Kipindi kizima nikafundisha mapigo ya moyo ya mgonjwa aliyevaa kanga ya maua.

Kisha nikataka kuonyesha kupima presha. Miaka mingi sikushika kipimo. Mimi ni mtu wa michoro. Bibi akajitolea mkono. Nikafunga, nikajaza upepo, nikasikiliza. Kimya. Nikajaza tena. Kimya kabisa. Wasichana wamenizunguka na makoti yao marefu, wanangoja.

"Vipi," bibi akauliza, "nimekufa?"

Nilikuwa nimegeuza kichwa cha kipimo cha kusikilizia upande usiosikia. Nilipokirudisha, moyo wa bibi ukanijia masikioni kama ngoma ya harusi. Nikawaambia wasichana kuwa nilitaka waone kosa la kawaida la wanaoanza. Nadhani hakuna aliyeniamini.

Mambo yakaenda hivyo, kwa kujikwaa. Miezi michache baadaye tuliwapeleka hospitali waone wodi. Yule mjukuu aliingia, akatoka mara moja. Nikamkuta benchi la nje, koti mapajani, uso mweupe. Nikakaa karibu naye nikiwa na hotuba yangu tayari, ile ya subira.

"Ustadha," akaniwahi, kwa Kiswahili cha kuokoteza alichojifunza kwa bibi yake, "mimi sipendi damu. Na watu kuugua mimi sipendi. Bibi hajui."

Nikaiacha hotuba. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuja kwa sababu ya basi. Kule kwetu wiki nzima mimi naona watalii tu na mitende." Akanitazama kwa woga. "Wewe unapenda wagonjwa?"

Nikafikiri. "Nawapenda zaidi wakishapona," nikasema.

Akacheka, na rangi ikamrudia kidogo. Nikamuuliza kama kuna chochote alichokipenda ndani humo. Akasema ndiyo, tulipokuwa tunapita palikuwa na chumba chenye dirisha, visanduku vidogo vidogo vimepangwa mpaka juu, na mwanamke mmoja ndani anasoma karatasi polepole, hana haraka na mtu. Alikuwa anaizungumzia dawakhana, chumba cha kutolea dawa, wala haikuwamo katika mpango wangu. Nilikuwa nimeandika uuguzi tu, mshale mmoja.

Nikamshika mkono tukaenda kubisha dirishani. Mfamasia akatufungulia. Mle ndani msichana aliuliza maswali kwa Kiarabu cha kwao, haraka haraka, nusu yake sikuyafahamu, na mfamasia akamjibu moja moja. Mimi nilisimama kati ya rafu, nikijitahidi nisiangushe kitu. Baada ya muda fimbo ikasikika ukumbini, bibi anatutafuta, na msichana akanishika mkono wa nguo.

"Mwambie wewe," akanong'ona.

"Kwa lugha gani?" nikamuuliza.

"Ile anayokusikilizia."

Nikatoka nikamwambia, habari ya damu na ya chumba cha dawa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Kisha akauliza kama chumba hicho kina kiti cha kukalia. Nikasema kipo. "Basi vyema," akasema. "Kusimama siku nzima kunaharibu miguu." Akaingia kukiona mwenyewe.