Mpira wa Kumeza

Mnunuzi wa mbuzi hanunui kwa macho. Humfunua mnyama mdomo, humbonyeza kiuno, kisha huyarudia meno, huenda yamebadilika. Jirani yangu wa soko la Mwala, mzee anayenunua mbuzi, aliwakagua madaktari vilevile. Kwa miezi mitano alikuwa akienda haja kubwa yenye damu. Daktari wa kwanza alichungulia tumbo, wa pili utumbo mpana, na wote wakatoka bila jibu. Huyu wa tatu, wa Machakos mjini, alikuwa na mrija mrefu wenye vipira viwili vya kujazwa hewa, vya kuukunja utumbo mwembamba kidogo kidogo kama mkono wa shati. Mzee akaomba kimoja kijazwe kiganjani mwake. Akakiminya, akakinusa.

"Hii imepita kwa nani kabla yangu?"

"Imeoshwa, mzee," daktari alisema. "Leo tunaingilia mdomoni. Tusipoona kitu, kesho tunaingilia chini."

"Chini hapana."

Kisha akanyoosha mkono chini ya shali yake, kama afanyavyo sokoni, ambako bei husemwa kwa vidole ili wengine wasiione. Mimi niliyemsindikiza nilimwambia daktari aingize wake. Shali ikatikisika: kidole kimoja cha mzee, nadhani, yaani mdomoni tu, kikijibiwa na viwili vya daktari. Mzee hakupepesa jicho. Aliyebadilika uso ni daktari.

"Huu mkono uko baridi sana," aliniambia, bila kuuachia. Akamgeukia muuguzi. "Sista, tumwongeze damu kwanza. Leta painti mbili."

"Damu ya nani?" mzee akauliza.